Mtu-sungura kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika: anawahi, lakini hakushindi mbio

Kundi jipya likikaa kutengeneza wahusika, hakosekani mmoja anayeuliza, "Naweza kuwa sungura?" Hapo mezani hugawanyika. Wapo wanaocheka: sungura atafanya nini mbele ya joka? Na wapo wanaokataa kabisa: huyo anaruka kupita kiasi, ataharibu mchezo. Pande zote mbili zinakosea, na chanzo cha kosa ni kimoja. Wamemfikiria sungura wanayemjua, yule mnyama wa kilo mbili anayetoweka ukipiga kofi, halafu wakadhani kanuni zinamzungumzia huyo huyo.

Nimewaongoza wachezaji wenye watu-sungura mara nyingi sasa, na nimeona wengi wakimchagua kwa sababu isiyo sahihi kisha wakamwacha kwa sababu isiyo sahihi. Inaniuma kidogo, kwa kuwa ni mmoja wa viumbe waliotungwa kwa uangalifu mkubwa. Nguvu yake si misuli wala mbio. Nguvu yake ni wakati: kujua mapema, kuanza mapema, kuondoka mapema. Ukilishika hilo, kila mstari wa kanuni zake unaeleweka.

Tuanze na maneno, maana utata mwingi unazaliwa humo. Mchezo wa kuigiza wahusika ni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji ana mtu mmoja wa kubuni, anamsemea na kumwamulia. Mmoja kati ya waliokaa ni kiongozi wa mchezo: anasimulia ulimwengu, anawaendesha maadui, anakata shauri penye utata. Jambo likiwa na shaka, tuseme kama mshale umempata adui au umepita pembeni, dadu yenye pande 20 ndiyo inayoamua. Unairusha, unajumlisha uwezo wa mhusika wako, ukifikia namba iliyowekwa umefaulu. Mchezo unaojulikana zaidi wa aina hii ni Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, uliotoka mwaka 1974. Mifano yangu mingi nitaitoa humo.

Mhusika anajengwa kwa mambo mawili makubwa. Kuna fani, yaani alichojifunza: upiganaji, uchawi, wizi, ukasisi. Na kuna spishi, yaani mwili aliozaliwa nao: binadamu, joka-mtu, paka-mtu, mtu-sungura. Kwa miongo mingi vitabu vya mchezo huu viliita jambo hili la pili kwa neno la Kiingereza linalotumika pia kutofautisha watu kwa rangi na asili. Toleo la kanuni la 2024 likaliacha neno hilo na kuandika spishi. Mabadiliko hayo yametusaidia na sisi, kwa sababu wachezaji wengi walikuwa wakisema "kabila". Kabila ni lugha na mila, na mtu anaweza kulelewa ndani ya kabila lisilo la wazazi wake akawa wa huko. Masikio marefu huyapati kwa kulelewa.

Namba moja zaidi, kisha twende. Inaitwa bonasi ya umahiri. Mhusika wa ngazi ya 1, yaani anayeanza tu, ana 2, nayo inapanda polepole mpaka 6 kuanzia ngazi ya 17. Ifikirie kama miaka kazini: fundi ni yule yule, nyundo ni ile ile, lakini mkono umekomaa. Ikumbuke, maana karibu kila kipaji cha mtu-sungura kinaning'inia juu ya namba hiyo.

Sungura kiasi gani?

Neno "mtu-sungura" linabeba viumbe wa aina tatu wasiofanana, na mabishano mengi yangekwisha kama watu wangetaja wanamsema yupi.

Wa kwanza ni sungura kabisa. Mwaka 1976, miaka miwili tu baada ya Dungeons & Dragons, ulitoka mchezo uitwao Bunnies & Burrows ambao wachezaji wote ni sungura wa kweli wenye akili: hawana mikono ya kushika upanga, hawavai kitu, na mbweha mmoja ni janga la kijiji kizima. Wa pili yuko upande wa mbali kabisa: mtu mwenye masikio ya sungura. Mfano wake maarufu ni Viera wa michezo ya video ya Final Fantasy, warefu, wa msituni, ambao ukiwafunika kichwa kwa kofia huenda usiwatofautishe na binadamu. Katika Final Fantasy XIV, Viera wa kike waliruhusiwa kwa wachezaji mwaka 2019, wa kiume wakafuata mwaka 2021.

Wa tatu anakaa katikati, na ndiye ninayemzungumzia. Anasimama kwa miguu miwili, ana mikono inayoshika, anasema, anavaa, anaweka akiba na kuweka kinyongo. Lakini uso, manyoya, masikio na nyayo ni za sungura. Katika Dungeons & Dragons anaitwa Harengon. Alitokea mwaka 2021 katika kitabu cha simulizi The Wild Beyond the Witchlight, akarudiwa mwaka 2022 katika kitabu kilichokusanya spishi nyingi pamoja. Asili yake ni ulimwengu jirani wa viumbe wa kichawi, mahali ambapo furaha na huzuni za viumbe hugeuza mandhari yenyewe, ingawa wengi wao walishavuka zamani wakaja kuishi huku kwetu.

Hapo pana jambo linalowatatiza hata wazoefu. Kwa kuwa ametoka kwa viumbe wa kichawi, watu hudhani kikanuni naye ni kiumbe wa kichawi. La. Kitabu kile kile kilileta pia spishi ya kijitu chenye mabawa, na hicho ndicho kilichoandikwa kuwa cha kichawi. Harengon aliandikwa kuwa kiumbe wa umbo la mtu, sawa na binadamu. Neno moja tu, lakini lina uzito mezani. Uchawi wa kumgandisha mtu asimame kama sanamu unamshika mtu-sungura na unamkosa yule mwenye mabawa. Kwa upande mwingine, uchawi wa kuongea na wanyama haumhusu hata kidogo, kwa sababu yeye si mnyama. Sungura wa kawaida akipita mbele yake porini, hawaelewani lugha. Mchezaji mmoja alinikasirikia kweli niliposema hivyo. Nilimuuliza kama yeye binafsi huelewana na nyani.

Kuwahi

Sasa vipaji vyenyewe. Viko vinne, na ninachokipenda ni kwamba kila kimoja kimechukuliwa kwenye mwili wa sungura halisi, kikatafsiriwa kuwa hesabu.

Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa, si mbele kama yetu. Kwa hiyo anaona karibu duara zima bila kugeuka, pamoja na juu yake, anakotokea mwewe. Masikio yake huzunguka kila moja kivyake: la kulia linafuata nyasi zinazochakarika, la kushoto linabaki kwenye njia. Kanuni imelisema hili kwa ufupi: mtu-sungura ana umahiri wa kutambua mazingira, awe wa fani yoyote. Mchawi aliyekulia kwenye vitabu, ambaye kwa kawaida angekanyaga mtego huku akisoma, akiwa mtu-sungura anausikia uzi ukikaza. Mwili huo una upungufu wake pia, na unafaa sana kuigizwa: sungura haoni kilicho puani kwake kabisa. Kitu kilicho mbele ya mdomo anakijua kwa sharubu na kunusa. Nimewahi kuwa na mchezaji ambaye mhusika wake kila akipewa barua hugeuza kichwa pembeni ili aisome kwa jicho moja. Hakuna kanuni iliyomtuma. Baada ya wiki mbili hakuna mezani aliyekuwa anamwona kama binadamu aliyevaa masikio.

Kipaji cha pili ndicho kiini. Pambano likianza, kila mmoja hurusha dadu kuamua nani atatangulia kutenda. Mtu-sungura anaongeza bonasi ya umahiri kwenye kura hiyo. Inaonekana ndogo, na wengi huipita. Chukua wahusika wawili wenye wepesi sawa, mmoja binadamu, mmoja mtu-sungura. Bila kipaji hiki, kila mmoja angemzidi mwenzake mara 47 au 48 katika kura 100, chache zikibaki za sare. Kikiwepo, mtu-sungura wa ngazi ya 1 anatangulia takriban mara 57. Akifika ngazi ya 17 anatangulia takriban mara 74, yaani karibu robo tatu ya mapambano yote anayoingia.

Kutangulia si heshima ya kukaa mbele. Mfikirie kasisi anayeweza kuwabariki wenzake watatu kabla adui hajainua rungu. Mfikirie mchawi anayewasha moto katikati ya maharamia kumi wakiwa bado wamesongamana mlangoni, kabla hawajatawanyika. Zamu moja mapema mlangoni inaua kumi. Zamu hiyo hiyo ikichelewa inaua wawili. Ndiyo maana huwa nawashangaa wanaomwita mtu-sungura mapambo.

Cha tatu kinahusu kuponyoka. Jiwe likianguka, joka likitema moto, mhusika hurusha dadu kuona kama amekwepa kwa wepesi. Mtu-sungura akishindwa, ana nafasi ya pili: anarusha dadu ndogo ya pande 4 na kuongeza kinachotoka. Kama alikosa kwa alama 1, ameokoka kwa hakika. Kwa 2, robo tatu. Kwa 3, nusu. Kwa 4, robo. Ukijumlisha yote, pale ambapo jaribio si jepesi mno wala si la muujiza, kipaji hiki kinageuza matokeo mara 1 katika kila 8. Kinatumika siku nzima bila kuisha, ila hesabu yake imefungwa kwa masharti mawili. Kinachukua nafasi ya kitendo cha kujibu, ambacho ni kimoja kwa kila mzunguko, kwa hiyo mchawi aliyeshatumia nafasi hiyo kuinua ngao ya uchawi hana tena. Na hakifanyi kazi ukiwa umelala chini au umeshikwa usiweze kwenda. Hapo sungura anaonekana waziwazi: maisha yake yote yako miguuni, mshike miguu umemmaliza.

Wengi wanakiita kipaji hiki "bahati ya mguu wa sungura", kama hirizi. Mimi nakisoma tofauti. Hirizi ni mguu uliokatwa. Huu bado uko mwilini mwa mwenyewe, na unajua kazi yake.

Kuruka, na ndizi zilizo juu

Kipaji cha nne ndicho kinacholeta ugomvi. Kwa kitendo cha ziada, yaani kile kidogo kinachofanywa juu ya kitendo kikuu cha zamu, mtu-sungura anaweza kuruka futi tano mara bonasi yake ya umahiri, na adui aliye karibu hapati ile nafasi ya kumpiga anapoondoka. Anaweza kufanya hivyo mara zinazolingana na bonasi hiyo, kisha mpaka alale na kupumzika vizuri. Ngazi ya 1: futi 10, yaani mita 3, mara mbili. Ngazi ya 17: futi 30, mara sita.

Futi 30 ni mita 9 na kitu. Rekodi ya dunia ya wanaume ya kuruka chini, aliyoiweka Mike Powell huko Tokyo mwaka 1991, ni mita 8.95, na Powell alikuja mbio. Mtu-sungura aliyekomaa anaizidi akiwa amesimama. Kwa hiyo ni kweli, miguu hiyo ni ya ajabu. Lakini kumbuka kwamba ngazi ya 17 ni ngazi ambayo wenzake wanafungua milango kati ya ulimwengu na ulimwengu. Mbele ya hayo, mita 9 ni adabu tu.

Thamani halisi ya mruko haiko kwenye umbali. Katika mchezo huu, ukisogea mbali na adui aliyekukaribia, yeye hupata pigo la bure, ambalo mimi naliita pigo la kisogoni. Ili kulikwepa, mhusika wa kawaida hulazimika kutumia zamu yake nzima kurudi nyuma kwa tahadhari, asishambulie wala asisaidie mtu. Mtu-sungura anaruka kwa kitendo cha ziada, halafu bado ana zamu yake kamili mkononi.

Tazama zamu moja kwa karibu. Mpiga upinde, ngazi ya 1, amebanwa kwenye kona ya ghala na jitu lenye shoka. Upinde ni mbaya kwa adui aliye puani: anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Angekuwa binadamu angechagua moja kati ya tatu: kupiga vibaya, kukimbia na kupokea shoka mgongoni, au kurudi nyuma taratibu na kupoteza zamu. Mtu-sungura anakunja magoti. Anapita pembeni mwa bega la jitu kando ya ukuta, anatua futi 10 kutoka alipokuwa, juu ya gunia la nafaka ambako shoka halimfikii, anageuka hewani, na mshale unatoka wakati shoka bado liko juu. Amepiga kwa dadu yake ya kawaida, hakuguswa, na bado ana mwendo wake wote wa zamu hiyo kusogea mbali zaidi.

Sasa swali linalorudi kila wiki: anaweza kuruka juu wima? Kanuni imetaja urefu wa mruko, haikutaja upande. Ndiyo maana meza moja inaruhusu kuruka hadi darini na nyingine inakataa. Sungura wa hadithi yetu aliruka na kuruka, ndizi akazikosa, akaondoka akisema sizitaki mbichi hizi. Kiongozi wa mchezo akimpa mtu-sungura futi 10 kwenda juu tangu siku ya kwanza, huyu wa kwetu angezichuma zote. Mimi huwa naruhusu nusu ya urefu kwenda juu, na ninatangaza kabla mchezo haujaanza. Unaweza kuamua vingine. Usiamue tu katikati ya pambano mchezaji akiwa ameshapanga mruko wake, kwa sababu hapo umemnyang'anya kitu alichokwisha kukitumaini.

Mbona hakimbii?

Hili ndilo jambo linalowavunja moyo wanaomchagua bila kusoma. Mwendo wa mtu-sungura ni futi 30 kwa zamu. Sawa na binadamu. Zamu ni sekunde 6, kwa hiyo ukipiga hesabu ni kama kilomita 5 na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi miadi kwa miguu. Sungura wa nyika wa Ulaya anaweza kufika takriban kilomita 70 kwa saa. Imekuwaje?

Sababu ya kwanza ni mwili. Kiumbe akikua mara mbili kwa kimo huku umbo likibaki lile lile, upana wa misuli yake, ambao ndio nguvu, unaongezeka mara 4, lakini uzito unaongezeka mara 8. Chukua stuli na uijenge upya iwe kubwa mara mbili kila upande: miguu imenenepa, lakini mzigo wake umeipita. Sungura wa kimo cha mtu hawezi kurithi wepesi wa sungura wa kilo mbili. Halafu amesimama wima. Ule mwendo wa sungura wa kujikunja na kujifyatua, miguu ya nyuma ikipita mbele ya ile ya mbele, unahitaji miguu minne na mgongo ulio sambamba na ardhi.

Sababu ya pili ni mezani. Adui asiyeweza kukufikia si tishio tena, na pasipo tishio hakuna hadithi. Paka-mtu wa mchezo huu huu anaweza kuongeza mwendo wake mara mbili kwa ghafla, lakini lazima asimame tuli zamu nzima kabla hajarudia. Kila kasi ina ada yake. Watungaji wa Harengon waliamua kasi yake isiwe kwenye hatua bali kwenye kuanza, na naona walichagua vema, kwa sababu hata sungura halisi haokolewi na mbio peke yake. Anaokolewa na kuanza kabla yako na kukata kona usiyoitegemea.

Kutokana na hayo unaweza kupima mwenyewe fani zinazomfaa. Wachawi, makasisi na wapiga upinde wanafaidi sana, maana wao ndio wasiotaka kuguswa na wengi wao hawana njia rahisi ya kuchoropoka. Mwizi, ambaye watu wengi humchagua kwanza kwa kuwa "sungura ni mjanja", anafaidi kidogo kuliko unavyodhani. Fani ya wizi tangu ngazi ya 2 inampa njia ya kujitenga na adui kwa kitendo hicho hicho cha ziada, bila kikomo, kwa hiyo mruko unagombania nafasi na kitu alichonacho tayari. Haimkatazi mtu. Kutangulia zamu bado ni zawadi kubwa kwa mwizi. Ila usimchague kwa ajili ya mruko.

Kuhusu ukubwa, unachagua mwenyewe: wa kimo cha mtu mzima au mfupi wa kimo cha mtoto. Tofauti ni ndogo, isipokuwa katika kanuni za 2014 mwenye umbo dogo anapata shida na silaha nzito. Na wale wanaouliza kama amefutwa kwa sababu hayumo kati ya spishi kumi za kitabu cha mchezaji cha 2024: hajafutwa. Spishi za vitabu vya awali bado zinachezwa, kiongozi wa mchezo akiafiki.

Wa shimo au wa nyika?

Kiswahili kinatuficha jambo hapa. Tunasema "sungura" kwa wanyama wawili ambao lugha nyingine huwapa majina mawili, na maisha yao hayafanani kabisa. Yupo wa mashimo: anaishi kwa ukoo, ndani ya njia za chini ya ardhi zenye vyumba na milango mingi. Watoto wake huzaliwa uchi, vipofu, hawawezi lolote, na macho yao hufunguka baada ya siku kama kumi. Sungura wanaofugwa wanatokana na huyu. Na yupo wa nyika: mkubwa zaidi, masikio na miguu mirefu zaidi, hachimbi shimo, analala kwenye kibonde kidogo cha nyasi juu ya ardhi. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na muda si mrefu kila mmoja amejificha peke yake. Mama hupita mara moja tu kwa siku, jioni, kuwanyonyesha. Jina Harengon limetokana na neno la Kiingereza la huyu wa nyika.

Wachezaji wengi huandika historia ya mhusika wao bila kujua wamechanganya. Wanampa jina la sungura wa nyika na familia ya sungura wa shimo: ndugu arobaini, bibi jikoni, milango ya mviringo. Si kosa la kanuni, ni ulimwengu wako. Lakini ukichagua kwa makusudi, mhusika anapata uti wa mgongo. Wa shimo anajua kuishi kwa kusongamana. Anaposikia hatari anapiga mguu chini kuwaonya wengine kabla hajafikiria kujiokoa, na akiwa peke yake nyikani usingizi hauji. Wa nyika alijifunza kujitunza kabla hajajua jina lake. Hawezi kulala katikati ya watu, anataka kona yenye mwanya. Hajui kuomba msaada, si kwa kiburi, ila hakuwahi kuwa na wa kumwomba.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea ni kumwona kila mtu-sungura kuwa mwoga. Sungura wa nyika wa Ulaya husimama kwa miguu ya nyuma na kutwangana makonde, na mara nyingi wanaopigana si madume wawili bali ni jike anayemfukuza dume asiyemtaka. Kukimbia kwake kwingine ni hesabu, si hofu. Mtu-sungura shujaa anayecheza vizuri si yule aliyeambiwa asiogope. Ni yule anayesikia hatari kabla ya wote, ana miguu ya kuondoka nayo, na anaamua kubaki kwa ajili ya mtu mmoja aliyeanguka.

Ukimtunga wako mwenyewe

Meza nyingi hazitumii Harengon, hutunga mtu-sungura wao. Ni kazi nzuri, na kosa lake ni moja: kumpa kila kitu ambacho sungura anacho. Mbio, kuchimba, kusikia maili nzima, kuona gizani, meno ya kuuma, mruko usioisha. Matokeo yake ni orodha, si kiumbe. Harengon hana shimo lolote katika kanuni zake, hana meno ya kupigania, na haoni gizani kuliko binadamu, ingawa sungura halisi hupenda kutoka alfajiri na jioni. Watungaji waliviacha vyote hivyo ili vilivyobaki viseme kitu kimoja.

Fanya hivyo hivyo. Amua kwanza mtu-sungura wako ni wa nini. Ukisema ni wa chini ya ardhi, mpe kuchimba na kuhisi mtikisiko kupitia nyayo, kisha mwondolee mruko na kura ya kutangulia. Ukisema ni wa ukoo, mpe mlio wa mguu unaowaamsha wenzake wote wasivamiwe usingizini, na yeye mwenyewe asipate faida nyingine. Halafu mjaribu katika mapambano matatu: la chumba chembamba, la uwanda wazi, na lile ambalo adui anashika miguu. Akishinda yote matatu kwa urahisi, punguza. Akiteseka kwenye lile la tatu na kung'ara kwenye moja kati ya mengine, mwache alivyo, mpe jina, na muulize anayemcheza swali moja kabla hajakaa: usiku, wenzake wakishalala, sikio lake la kushoto linasikiliza nini?